Mtoto na Macho ya Watu

 

Kila mzazi hutamani mwanawe apendwe na watu, wala hilo si kosa. Lakini iko tofauti kubwa baina ya mtoto apendwaye kwa uzuri wa mwendo wake, na mtoto ageuzaye mwendo wake ili apendwe. Wa kwanza amevuna, na wa pili ameuza. Na alichokiuza ni nafsi yake. Twataka kulitazama jambo hili kwa mabinti zetu wa Garsen na vijiji vya Mto Tana, kwani huko lina uzito kuliko wengi wetu tudhanivyo.

Garsen ni njia panda. Hupita hapo wendao Lamu kutoka Malindi, na wapandao kwenda Hola na Garissa. Hukutana hapo Wapokomo walimao kando ya mto, na Waorma na Wardei wafugao ng'ombe, na Wagiriama, na Waswahili na Wabajuni watokao upande wa Kipini. Binti wa mji kama huo huingia darasani na lugha ya mamake na adabu ya kwao, na siku ile ile wenziwe humpima. Akiona lugha ya kwao yachekwa, husema haijui. Akikaa na waheshimuo stara hujistiri, na akikaa na waichekao huiacha. Nyumbani ana uso mmoja, shuleni ana wa pili, na katika simu ana wa tatu, ambako hutia picha yake kisha akakaa akihesabu wangapi wamependezwa nayo. Lau utamwuliza, "Katika hawa watatu, wewe ni yupi?" hatakuwa na jawabu.

Wako wasemao kuwa dawa yake ni nyepesi: aambiwe awe yeye mwenyewe, afuate moyo wake. Neno hili lina nusu ya haki. Moyo wa mtoto una matamanio mengi, na mengi katika hayo yametiwa na watu wale wale anaowakimbia. Je, ile hamu ya kujipaka dawa ili ngozi yake iwe nyeupe, aliizua yeye? La, aliiokota machoni mwa wengine. Akiifuata hakuwa huru. Amebadili bwana tu. Basi nafsi yake ni ipi? Sisi twasema: ni ile ibakiayo watu wakisha kuondoka.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mama akimwamuru bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akamkumbusha kuwa Amiri wa Waumini amekataza. Mama akasema Umar hayuko hapo wala hawaoni. Binti akakataa, kwa kuwa hakuona haki kumtii Umar mbele za watu na kumuasi pasipo watu, na Mola wa Umar yuaona. Umar akamwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chake akapatikana Khalifa mwadilifu, Umar bin Abdul-Aziz.

Kisa hiki si kigeni kwa watu wa Garsen, ambako akina mama wa Kiorma huleta maziwa sokoni. Lakini tuzingatie mambo mawili. La kwanza, binti yule hakutafuta sifa, kwani hakujua kuwa yuko mtu nje ya ukuta. La pili, aliyemsukuma hakuwa adui bali ni mamake mwenyewe. Na hivi ndivyo ilivyo daima: wanaotutoa katika njia yetu mara nyingi ni wale tuwapendao, na kwa hiyo kuwakataa ni kuzito. Wanavyuoni waliita sifa hii ikhlasi, na kinyume chake ni riya, ambayo Mtume wetu aliihesabu kuwa ni shirki ndogo. Sisi hudhani riya ni maradhi ya watu wazima wenye kurefusha sala wakionekana. Mbegu yake hupandwa mapema zaidi, siku mtoto ajifunzapo kuwa thamani yake iko machoni mwa watu.

Huenda msomaji akauliza: Je, si kiburi mtoto kujitenga na wenziwe? Uislamu hautaki jamaa na mapenzi? Wautaka umoja, naam. Wala hatusemi binti ashindane na watu katika michezo, au mapishi, au rangi ya kanga. Katika hayo kufuatana ni uzuri. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alilaumu katika gazeti lake la Al-Islah, la mwaka 1932, kuiga kusikopimwa. Lakini hakuwakataza watu kuchukua elimu na mambo ya manufaa kwa wengine. Makosa ni kufuata pale moyo unapojua kuwa jambo ni baya. Sahaba Abdallah bin Masud alikataza mtu kuwa imma'a, yaani asiye na rai, aendaye na watu popote waendapo, waongoke au wapotee.

Na tusidhani kuwa haya ni mambo ya kitoto. Mwaka 2012 nchi ya Tana iliona msiba mkubwa. Agosti ulianzia Riketa, Septemba ukafika Chamwanamuma na Kilelengwani, Desemba ukafika Kipao. Wakauawa watu zaidi ya 100, na miongoni mwao wanawake na watoto wadogo. Sababu zilikuwa nyingi: malisho, na mashamba, na njia za mifugo kuteremkia mtoni, na siasa. Lakini hakuna kundi liendalo kuua ila ndani yake wamo wajuao kuwa ni haramu, wakanyamaza kwa kuogopa kuitwa wasaliti. Ulimi wa mtu kama huyo haukufungika usiku ule. Ulifungika zamani, alipokuwa mtoto akicheka mwenziwe wa kabila jingine anapochekwa, ili asichekwe yeye. Msichana wa Kipokomo akaaye dawati moja na msichana wa Kiorma ilhali rafiki zake wamkunjia uso, huyo ajifunza leo neno litakalohitajiwa kesho.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuwache kuwalea watoto kwa kauli ya "watu watasema nini?" Tuwaulize: "Je, ni haki? Je, Mola ataridhika?" Pili, binti akitwambia kwa adabu kuwa tulilomwamuru si sawa, tusimwadhibu kwa ukweli wake, kwani asiyeruhusiwa kumkatalia mamake maji katika maziwa hataweza kukatalia kundi. Tatu, tuitukuze lugha ya nyumbani mbele yake. Na nne, tujitazame sisi, ambao hukopa fedha ili arusi zetu zisemwe mtaani. Mtoto hufuata alionalo kabla ya aliambiwalo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie mabinti zetu nyoyo zisizobadilika watu wawepo au wasiwepo, na azilinde pande zote mbili za Mto Tana na kila fitina. Amin.