Ndege ya Vita Mikononi mwa Mtu Binafsi: Nani Hubeba Hatari?

Muhula uliopita, katika kipindi chetu cha mdahalo, mwalimu alitupa hoja iliyotuchekesha: "Mtu mwenye fedha zake aruhusiwe kununua na kurusha ndege ya vita iliyostaafu." Tulicheka kwa sababu darasani kwetu, kwa sisi tuliotoka Goma, Bujumbura na Kampala, hakuna aliyemjua mtu anayemiliki hata ndege ya abiria wanne. Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Nilitetea hoja ile vizuri na tukashinda. Tangu siku hiyo sina raha na ushindi wangu, na insha hii ni jaribio la kuujibu.

Kwanza tukubaliane kuwa jambo lenyewe lipo. Majeshi yanapopata ndege mpya, za zamani huuzwa, huvunjwa au hupelekwa makumbusho. Zile zinazouzwa huondolewa mizinga na vifaa vya kurushia mabomu. Nchini Marekani wapo raia wanaomiliki ndege za mafunzo aina ya L-39 zilizoundwa Chekoslovakia, na hata MiG-21 za Kisovieti. Uingereza, bomu-ndege kubwa aina ya Vulcan lilirudishwa angani mwaka 2007 kwa michango ya wananchi, likaruka hadi mwaka 2015. Hapa Afrika, kampuni moja binafsi ya Cape Town ilikuwa na ndege za kijeshi za Kiingereza zenye kasi kubwa, zikiwemo za aina ya Lightning.

Siku ya mdahalo nilitoa hoja tatu. Ya kwanza: mali ni mali. Ndege isiyo na silaha ni chombo tu, kama lori la jeshi lililouzwa mnadani ambalo leo linabeba viazi. Ya pili: ndege iliyofungiwa ndani ya jumba la makumbusho imekufa, lakini inayonguruma angani humfundisha kijana historia kuliko kitabu. Ya tatu: kila chombo kina hatari. Pikipiki huua watu wengi kila siku na hatuzipigi marufuku.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonishindia, na ndiyo inayonisumbua. Tazama ajali mbili. Tarehe 14 Novemba 2009, katika maonyesho ya ndege huko Overberg, Afrika Kusini, Lightning moja ya kampuni niliyoitaja ilipata hitilafu. Rubani alijaribu kujiokoa kwa kiti kinachomrusha mtu nje, lakini hakufanikiwa. Alikufa peke yake. Ni msiba, lakini ni msiba wa mtu aliyekijua chombo chake, akaijua hatari yake na akaichagua.

Ya pili ilitokea Shoreham, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015. Ndege aina ya Hawker Hunter, iliyoundwa mwaka 1955 na sasa mali ya mtu binafsi, ilikuwa ikizunguka angani kupanda na kushuka. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba iliingia katika mzunguko ule ikiwa na mwendo mdogo kuliko kawaida, ikafika juu chini ya kimo kilichotakiwa, na haikupata nafasi ya kuinuka tena. Iliangukia barabara kuu. Watu 11 walikufa, na rubani akapona. Wengine walikuwa ndani ya magari yao, wakipita kwa shughuli zao. Vijana wawili wachezaji wa mpira walikuwa wakienda mechi.

Kuna tofauti gani kati ya ajali hizi mbili? Si idadi tu. Yule wa Overberg aliulizwa na nafsi yake, akajibu ndiyo. Wale wa Shoreham hawakuulizwa na yeyote. Mwaka 2019 mahakama ilimwona rubani hana hatia ya kuua bila kukusudia. Mwaka 2022 uchunguzi wa vifo ukaamua kwamba watu wale waliuawa isivyo halali. Sitaki kuhukumu pale walipohukumu wenye kazi yao. Ninachokiona ni kwamba hata sheria ya nchi tajiri yenye wataalamu hupata shida kusema deni la vifo hivi ni la nani. Basi swali letu lisingoje ajali itokee. Liulizwe kabla ndege haijaondoka ardhini: nani atafaidi, nani atabeba hatari, na je, huyo wa pili ameulizwa?

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Nikajiambia: hatari yoyote inayomwangukia asiyeulizwa ni dhuluma. Kisha nikamkumbuka shangazi yangu.

Nilikulia Goma, karibu na uwanja wa ndege. Tulizitambua Antonov kwa mlio wake kabla hatujaziona. Antonov 26 ilibuniwa kubeba wanajeshi na mizigo yao. Ina mlango mpana nyuma na viti vya kukunja ubavuni. Shangazi alisafiri nayo kwenda Kindu na vitenge, sabuni na dawa za malaria, kwa kuwa njia ya gari haikupitika. Mara nyingine alikaa juu ya magunia. Nilipomwuliza kama haogopi, alinijibu, "Mwanangu, naogopa. Lakini Kindu hakuna sabuni."

Ndege hizo zilipita juu ya mapaa yetu. Hakuna aliyetuuliza. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria, ambayo haikuwa ya kijeshi kamwe, ilishindwa kupaa ikaingia mtaa wa Birere penye maduka na nyumba. Kwa kanuni yangu kali, ningezizuia ndege zote za Goma, na Kindu ingekaa bila sabuni na bila dawa. Kanuni inayomnyima mgonjwa dawa ili kuniondolea mimi hofu haiwezi kuwa ya haki.

Kwa hiyo nimeirekebisha. Haja ina uzito ambao burudani haina. Mtu anaweza kuvumilia hatari asiyoichagua ikiwa hatari hiyo inaleta kitu ambacho yeye au jirani yake hawezi kuishi bila hicho. Lakini haja nayo si ruhusa ya kila kitu. Tarehe 8 Januari 1996 Antonov 32 iliyozidishwa mizigo ilishindwa kupaa katika uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya mia mbili. Waliokuwa sokoni walihitaji chakula, naam, lakini hawakuhitaji ndege ijazwe kupita kiasi. Pale tamaa ilijificha nyuma ya haja. Tusikubali kudanganywa hivyo.

Sasa niirudie hoja ya historia, maana hiyo naipenda bado. Ni kweli kwamba mngurumo hufundisha. Lakini hufundisha nini? Hunter husifiwa Ulaya kwa uzuri wa umbo lake. Ndege za aina hiyohiyo zilikuwemo katika shambulio la jeshi la Rhodesia dhidi ya kambi za Chimoio, Msumbiji, tarehe 23 Novemba 1977, ambapo walikufa wapiganaji pamoja na wakimbizi. Mzee wa Zimbabwe aliyenusurika siku ile akiusikia mlio huo, hasikii uzuri. Mwenye ndege akisema anahifadhi historia, na aihifadhi yote, pamoja na ya waliokuwa chini yake.

Je, basi, mtu binafsi aruhusiwe? Jibu langu leo ni ndiyo, lakini si ile ndiyo ya siku ya mdahalo. Aruhusiwe kuimiliki, kuitunza na kuirusha. Ila michezo yake ya hatari aifanyie juu ya bahari au mahali pasipo watu. Hilo linawezekana: baada ya Shoreham, Waingereza walizizuia ndege za zamani za jeti zisifanye michezo mikali juu ya nchi kavu. Pia awe na uwezo wa kulipa fidia kabla ya kuruka, si kuanza kutafuta wakili baada ya maziko. Asiyeweza masharti hayo, ndege yake ibaki ardhini, watoto waje kuigusa.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Mimi nimejifunza kwamba hata tembo akicheza, nyasi huumia vilevile. Shangazi alipanda Antonov akijua. Sisi wa chini ya njia ya ndege tulimsamehe kwa sababu ya sabuni na dawa. Mwenye Hunter naye anaweza kuomba msamaha huo, lakini itambidi atuambie kwanza anatuletea nini. Siku ya mdahalo sikuwauliza wenzangu swali hilo. Laiti ningeliuliza, pengine tungeshindwa, na ningelala vizuri.