Kupima Neno Kabla ya Kuliamini

Shule nyingi za Bunia na Ituri nzima, mashariki mwa Kongo, ni za serikali kwa sheria, lakini uongozi wake uko mikononi mwa makanisa. Nchi yetu, ikiitwa Zaire wakati huo, ilizitaifisha katika miaka ya 1970, mambo yakaharibika upesi, na kwa mkataba wa 1977 serikali ikawarudishia wenye dini usimamizi. Ndiyo maana swali la iwapo uchunguzi wa kisayansi unagombana na imani lina uzito wa pekee hapa: anayehubiri Jumapili ndiye anayeamua Jumatatu biolojia ifundishwe vipi. Ninashikilia kwamba kanisa lenye shule lina wajibu wa kidini wa kumfundisha mwanafunzi kupima dai kabla ya kulikubali. Gharama ya kutofanya hivyo tunaijua: mnamo Juni 2001, katika eneo la Aru, kaskazini mwa Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Wauaji walikuwa na maelezo tele, maana kila ugonjwa na kila kifo kilikuwa na jina la mtu aliyekisababisha. Watuhumiwa wakipinga walisemwa wanaficha. Wakinyamaza walisemwa wamekiri. Tuhuma inayothibitishwa na kila jibu haijathibitishwa na lolote. Mtu aliyefundishwa kuuliza, "Kama huyu mama hana hatia, tungeona nini tofauti?" angeligundua hilo mapema, na amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo inamdai aulize.

Wapo watakaosema kwamba Maandiko yanakataza kumjaribu Mungu, na kwamba mtoto akizoeshwa kupimapima mambo ataishia kumpima Muumba wake. Pingamizi hili ni zito, ila linachanganya Mungu na watu wanaosema kwa niaba yake. Torati yenyewe inaagiza nabii apimwe kwa kuangalia kama alilolitabiri limetokea. Na Gideoni, alipotaka uhakika, hakuridhika na usiku mmoja: kwanza aliomba ngozi ilowe na ardhi ibaki kavu, kisha akageuza masharti, ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Mwalimu wa fizikia hawezi kupata mfano bora wa kueleza kwa nini jaribio hurudiwa kwa kugeuza kitu kimoja. (Gideoni aliomba radhi kabla ya kurudia, adabu ambayo maabara nyingi hazina.) Katika vyumba vya maombi vya miji yetu, anayetangaza kwamba mtoto fulani ndiye aliyeleta mikosi nyumbani anatoa dai kuhusu mtoto. Kulipima dai hilo hakumgusi Mungu hata kidogo.

Historia ina mfano wa kasisi aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko madaktari wengi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alidai chanzo ni maji ya pampu ya Broad Street. Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa parokia hiyo, aliona dai hilo ni upuuzi, akaazimia kulivunja. Silaha yake ilikuwa ile ambayo kila mchungaji anayo: alizijua familia, na milango ilifunguka alipobisha. Aliwauliza waliofiwa, na pia waliobaki wazima, kwa sababu ukiwahesabu wagonjwa peke yao huwezi kujua kama maji ndiyo yaliyowatofautisha na wenzao. Aliuliza nani alikunywa maji ya pampu ile, na lini. Kadiri majibu yalivyoongezeka ndivyo hoja yake ilivyozidi kudhoofika, hadi akakubali kwamba Snow alikuwa sahihi. Kisha akampata mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wengine. Mama yake alikuwa akifua nepi na kumwaga maji yake katika shimo la maji taka lililokuwa karibu kabisa na kisima. Shimo lilipochimbuliwa likakutwa linavuja. Whitehead hakuacha ukasisi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni lingine. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, majirani wetu wa kaskazini, alieleza ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vema kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Sayansi hapa husema ni sadfa, na mfiwa hatulizwi na neno sadfa. Nakubali kwamba njia ya uchunguzi haina faraja ya kumpa. Lakini faraja inayohitaji jirani apigwe ni ya dhuluma, na imani iliyokomaa ina maombolezo, sala na hata kimya cha Ayubu. Swali la "kwa nini mimi" liachiwe hapo. Lisigeuzwe kuwa "ni nani".

Husemwa pia kwamba hatuna maabara. Kweli, na Exetat nayo, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, humfanya mwalimu aone kunakili ubaoni kunatosha. Lakini Whitehead alikuwa na daftari na miguu tu. Darasa linaweza kuchukua kaya zinazochota mto Shari na zile zinazochota chemchemi, likaandika kwanza linatarajia nini na matokeo gani yangelifanya libadili mawazo, ndipo litoke kwenda kuuliza nani ameharisha. Waratibu wa shule za makanisa, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wanaweza kuanza na zoezi hilo moja kila muhula bila kungoja Kinshasa, na wachungaji wawepo wanafunzi wanaposoma matokeo yao.