Amri ya Saba na Maji ya Mpunga



Mtu asimamaye Mazimbu na kutazama Uluguru, akiona mawingu juu ya milima, hudhani mvua ipo kama zamani. Wakulima wa mpunga wajua sivyo. Masika huchelewa, tena hukatika kabla mpunga haujachanua. Na mwaka mwingine huja kwa nguvu mno, kama mwaka 2024, ambapo hata mwisho wa Aprili mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 150 katika nchi yetu.

Basi imewapasa wakulima kugeuza desturi zao. Huko Mkindo, wilaya ya Mvomero, walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walijaribu pamoja na wakulima njia iitwayo kilimo shadidi, iliyoanzia Madagaska kwa kazi ya padre wa Kijesuiti, Henri de Laulanié. Miche hupandikizwa mmoja mmoja ingali michanga, ya siku 8 hata 12, kwa nafasi ya sentimita 25. Jaruba halijazwi maji siku zote, bali hulowanishwa, likaachwa likauke kidogo, likalowanishwa tena. Mbegu hupungua, maji hupungua, na machipukizi huongezeka. Hata ile hewa itokayo katika matope yaliyofurika, iongezayo joto la dunia, hupungua. Ni jambo jema, wala sina la kulipinga.

Lakini nauliza: maji yaliyookolewa ni ya nani?

Mkulima aliye juu ya mfereji akiokoa maji, aweza kuyaacha yateremke; aweza pia kuongeza jaruba jingine kwa maji yale yale. Akifanya hivi la pili, magunia yake yataongezeka, atanunua bati, atalipa karo. Watu watasema hali ya wakulima imepanda. Ya mkulima yupi? Yule wa chini bado amesimama na jembe lake kando ya mfereji mkavu.

Atajibu, "Nina kibali cha Bodi ya Maji, nami nimetoka jasho." Ni kweli, na haki ya jasho si ndogo. Lakini katika Katekisimo Ndogo Luther hakutufundisha Amri ya Saba kuwa ni kujizuia na wizi tu. Alitaka pia tumsaidie jirani kuitunza riziki yake na kuiongeza. Kwa kipimo hicho, mtu aweza kuwa na kibali mkononi na bado awe na deni. (Afunguaye mlango wa mfereji usiku, zamu isiyo yake, simsemi hapa, huyo hahitaji Katekisimo ajue alitendalo.)

Tukumbuke Isaka kule Gerari. Watumishi wake walichimba visima, wachungaji wa nchi wakagombana nao, naye aliondoka akachimba kingine, hata akapata nafasi. Wengi husifu upole wake, na ni haki. Ila Isaka alikuwa na mahali pa kwenda. Mkulima wa Mkindo hawezi kuhama na kutafuta mto mwingine. Wenzake wako juu yake na chini yake, na mto ni ule ule utokao milima ya Nguru. Yeye hana budi kupatana nao papo hapo.

Tena kuna palizi. Jaruba lisilofurika humea magugu upesi, na kazi ya kuyang'oa huongezeka. Ni mikono ya nani iongezwayo? Nyumbani kwa wengi ni ya mama na ya watoto. Mavuno yakipimwa kwa magunia tu, siku za shule zilizopotea hazionekani katika hesabu.

Linalonisumbua zaidi ni mambo ya wasio na shamba, hasa wajane wakodishao kwa msimu. Shamba likipata maji ya hakika, mwenyewe hupandisha kodi, au hulitwaa alime mwenyewe. Mfereji uliokuja kumwokoa mjane na ukame waweza kumwondoa shambani. Katika kamati za maji wamo wazee wetu wa kanisa na walimu wa dini. Hao wana nafasi ya kutaka mkataba wa mjane uandikwe mbele ya mashahidi, kwa miaka kadhaa na kodi inayojulikana, kabla jembe la kwanza halijapiga mfereji. Maana maji yakishafika, hana tena la kumwambia mwenye shamba.