Mashahidi wa Bondeni

Ukimuuliza mzee wa mtaa wa Tanzania-Bondeni hapa Voi, Kenya, nyumba yake ilijengwa lini, hatakuletea karatasi. Atamwita jirani. Jirani atakumbuka kwamba fito zilikatwa mwaka ule wa njaa, kwamba udongo ulikandwa na akina mama wa safu ya nyuma, na kwamba bati la kwanza lilipandishwa mtoto fulani akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto huyo sasa ana watoto wake Mombasa.

Ndani ya jibu hilo mna nadharia nzima ya umiliki. Changu ni kile ambacho wengine wanaweza kusimama wakasema: ni chake, tulimwona akikijenga. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alidai kwamba mtu hupata haki juu ya ardhi kwa kuchanganya kazi yake nayo. Dai hilo limependwa sana na watu wa mabanda wanapotetea makao yao, na sioni ajabu. Lakini mtu wa Locke yuko peke yake porini na jembe lake. Hana jirani, hana wa kumwazima nyundo. Voi hakuna aliyejenga hivyo. Na jasho lililotoka bila mtu kuliona, ni nani atakayeapa kwamba lilitoka?

Kusini mwa mji kimesimama kilima cha Ndara, ambacho wengi hukiita Sagala. Wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo huko mwaka 1883, milima hii yote ya Wataita ilikuwa na namna yake ya kuthibitisha nani ni wa wapi. Mtu mzima alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa pamoja na ya wazee wenzake katika pango la ukoo. Ubishi wa ardhi ulipozuka, mashahidi walikuwepo, wamepangwa kwa safu, na hakuna wa kuwahonga.

Mji ulio chini ya kilima hauna mapango. Uliletwa na reli ya kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ukapanuka tawi la kwenda Taveta lilipojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua wengine. Mtaita aliteremka kutafuta mshahara, akakuta Mkamba, Mjaluo na Mdigo wamefika kwa sababu hiyo hiyo. Hadi leo mtu akifariki mtaani, mara nyingi majirani huchanga nauli na mwili husafirishwa: kupandishwa Wundanyi, kupelekwa Kitui au Siaya. Waislamu ndio ambao wengi wao huzikwa papa hapa. Kwa hiyo mtaa mkongwe wa Voi umeishi miaka mingi pasipo kuwa na sehemu kubwa ya maiti wake. Ushahidi wake wote uko kwa walio hai, na walio hai husahau, huhama, hugombana.

Nikipita karibu na makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza, huwa nasimama kidogo. Baadhi yao walikuja na kikosi mwaka 1916, njia ya Salaita na Taveta, wakafia nchi wasiyoijua. Mawe yao yamenyooka, nyasi zimefyekwa, na mahali pao hapaguswi na mpimaji yeyote. Siwaonei wivu. Nashangaa tu kwamba katika mji huu mtu aliyekaa wiki chache ana mahali pa uhakika kuliko aliyekaa miaka 60.

Sheria, kwa upande wake, imejaribu kuhesabu muda. Aliyekaa waziwazi kwa miaka 12 katika ardhi ya mtu binafsi, bila kufukuzwa wala kuomba ruhusa, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Lakini ardhi ikiwa ya serikali, hesabu hiyo haianzi kabisa. Kaa miaka 12, kaa 70, saa ya sheria imesimama. Katiba ya Kenya ya 2010 ililegeza kidogo: kifungu cha 40 kinasema anayekaa kwa nia njema mahali panapotwaliwa kwa manufaa ya umma anaweza kulipwa fidia hata kama hana hati. Anaweza. Neno hilo halijawahi kumjengea mtu choo.

Tanzania-Bondeni ilikuwa katika mtego huo huo. Sehemu ya ardhi ilikuwa ya Shirika la Reli, sehemu ya shamba la mkonge, nyingine ya serikali, na watu juu yake walihesabiwa kuwa maskwota. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuendeleza miji midogo, wa serikali na shirika la maendeleo la Ujerumani, GTZ. Wakazi walielezwa njia mbalimbali za kumiliki, ikiwemo kila mtu kuchukua hati yake. Wakachagua amana ya ardhi: udongo ushikwe na jamii nzima kupitia wadhamini, nyumba iwe ya aliyeijenga. Utauza kuta, utazirithisha, lakini kiwanja hakitoki kwenda kwa tajiri anayenunua mjini kisha anakaa kwake. Kenya haikuwa na sheria ya jambo kama hilo, ikabidi lishonwe kwa viraka vya sheria za vyama na za udhamini zilizokuwepo.

Watu wa mipango hulisoma tukio hili kama suala la bei ya ardhi na walanguzi, nao hawakosei. Mimi naliona pia kama jaribio la kuwapa mashahidi karatasi ya kushika. Hati ya mtu mmoja mmoja humwondolea jirani kazi yake: ikishatoka, haijalishi tena kwamba alikuona ukikanda udongo, na siku utakayomuuzia mgeni hataulizwa neno. Amana ilitaka jirani abaki ndani ya umiliki.

Tazama ukuta mmoja katika mitaa kama hii utajua hofu ya kukosa hati inaandikwa vipi. Mbele bloki na plasta, rangi ya krimu hadi kimo cha dirisha. Pembeni, pasipoonekana na anayepita barabarani, udongo na fito, na mahali ulipomomoka pamezibwa kwa bati lenye matundu ya misumari ya paa lililotoka. Mwenye nyumba amejenga kadiri ya ujasiri aliokuwa nao kila mwaka. Palipo na bloki, alidhani hatavunjiwa. Palipo na bati, zilikuwa zimevuma habari za tingatinga.

Kushuhudiwa nako kuna gharama. Aliyeiba maembe akiwa darasa la nne ataitwa mwizi wa maembe akiwa na miaka 35 na duka lake. Binti akishushwa na gari asilolijua mtu, mama yake atakuwa na habari kabla hajavua viatu. Wasomi wanaousifu ujirani wa zamani mara nyingi huusifu wakiwa wamepanga ghorofani, ambako hakuna anayewajua. Nawaelewa vijana wanaokwenda Nairobi kupumua.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni mpangaji. Yupo mama katika kila nyumba ya korido, amekaa chumba cha tatu kushoto miaka 18, anajua bomba la maji lilipitishwa lini na nani alikataa kuchanga. Kaka wawili wakigombania nyumba ya marehemu baba yao, yeye ndiye huitwa kueleza mzee alisema nini. Ushahidi wake unakubaliwa, kisha tarehe tano analipa kodi ya chumba kama kawaida. Kama kushuhudia ndiko kunakofanya mahali pawe pa watu, basi amefanya kazi hiyo kuliko warithi walioko Changamwe, wanaofika wakati wa matanga na wa kugawana kodi. Mpango unaotenga mwenye udongo na mwenye kuta bado unamwacha aliye kati ya kuta hizo. Angalau apewe kura katika mkutano wa mtaa, na warithi wakiamua kuuza, yeye awe wa kwanza kuulizwa, kwa bei anayoweza kuilipa kidogo kidogo.