Usijisumbue

"Usijisumbue, tule tu tukae." Wifi yangu aliambiwa hivyo mwaka huu, siku chache kabla ya Idi, nyumbani kwao Tanga, na baba mdogo anayempenda kwa dhati. Ukoo ulikuwa unakuja kula kwake, watu wapatao hamsini na watoto wao, na sote tulikubaliana kwamba mara hii iwe sikukuu nyepesi: hakuna viti vya kukodi, mikeka itandikwe barazani, atakayefika afike. Jioni ya Idi kaka yangu, mumewe, alisifiwa mpaka akaona haya. Hana papara, walisema, nyumba yake unaingia kama kwako. Wifi alikuwa uani anasugua masufuria kwa majivu. Tangu siku hiyo najiuliza ule utulivu uliosifiwa ulikuwa mali ya nani.

Ukarimu ni kumpokea mtu kwa moyo mkunjufu, na utulivu ni kuwa mbali na hofu na haraka. Sina ugomvi na maana hizo. Ninachokataa ni dhana kwamba chakula cha watu hamsini huwa chepesi kwa sababu tumekiita chepesi. Mchele utachaguliwa vilevile, na vitunguu vitamenywa. Tena Idi ina taabu yake: mwezi. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na mpishi hajui mpaka magharibi ya siku ya 29 imepita. Hana budi kujiandaa kama kwamba ni kesho, na tangazo la Mufti likichelewa, usingizi wa usiku ule umekwenda. Anayeambiwa asijisumbue hufanya yote hayo, kisha huongezewa kazi nyingine, ya kuyaficha. Asionekane na jasho. Asikunje uso. Akitokea barazani awe ameshaoga, amejifunga khanga mpya, ananukia, kana kwamba pilau limejipika.

Wanafalsafa nao wamekula vizuri bila kutazama uani. Immanuel Kant wa Königsberg, katika kitabu chake cha Anthropolojia cha mwaka 1798, alishauri kwamba walaji mezani wasipungue watatu wala wasizidi tisa, akapanga hata mwendo wa mazungumzo: kwanza habari, kisha mabishano, mwisho mzaha. Mtumishi wake Martin Lampe, aliyemhudumia kwa miongo kadhaa, hayumo katika hesabu hiyo. Aristotle alikuwa mkweli zaidi. Aliandika kwamba kama vyombo vya kufumia vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Alijua kwamba nafasi ya mtu kukaa na kufikiri inabebwa na mwingine, na ubaya wake ni kwamba alijua akaridhika.

Nilipoyasema haya kwa ndugu zangu nilijibiwa jibu ambalo limeniudhi kuliko yote: "Mbona wao wenyewe wanafurahi? Huwasikii wanavyocheka huko jikoni?"

Nawasikia. Nami nacheka nao. Lakini kicheko kinathibitisha nini? Mtu anaweza kuipata furaha ndani ya jambo ambalo hakuwa na njia ya kulikataa. Hiyo ni sifa ya moyo wake, si hati ya ridhaa yake. Ukitaka kujua kama mtu amependa, usitazame uso wake anapofanya, tazama litakalompata akiacha. Wifi akisema mwaka huu hapiki, hakuna atakayesema kwamba leo ameamua kufurahi kwa njia nyingine. Watasema ana dharau, hapendi watu wa mumewe, na mama yake atapigiwa simu. Furaha ambayo ukiiacha unaadhibiwa sijui niipe jina gani, ila ridhaa siiiti.

Na mbona hoja hii haisemwi kwa wanaume? Fundi mwashi huimba akiwa juu ya ukuta, na jioni hakuna anayemwambia kwamba kwa kuwa ameimba, ujira wake umekwisha lipwa. Dereva anayeipenda gari hupewa posho yake. Ni kazi ya uani peke yake ambayo furaha ya mtendaji hugeuzwa kuwa malipo, tena malipo yanayokadiriwa na mlaji, aliyeshiba, kwa kusikiliza sauti kupitia ukutani. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Anayetoa ushahidi ndiye anayenufaika nao.

Wapo waliosema kwamba kaka ndiye aliyenunua mbuzi na mchele, na fedha nayo ni jasho. Hilo ni kweli. Wengine walipendekeza mpishi wa kukodi, na huenda ni nafuu, ingawa naye ana Idi yake.

Yupo mpishi kama huyo ninayependa kumtazama kwenye harusi, kwa sababu ya pilau lenyewe. Vitunguu anaviacha mpaka vikaribie kuungua, maana rangi ya pilau hutoka hapo, wala si kwenye binzari. Kisha nyama, viazi, supu, mchele. Maji yakishakauka hufunika, hupunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya hapo hakuna la kufanya. Akilifunua ovyo ataliharibu. Hukaa kwenye kibao, mikono magotini, na kwa muda ule kazi yenyewe inamtaka apumzike. Sijaona barazani utulivu unaofanana na ule: haukuombwa kwa mtu wala hakuna aliyeulipia mahali pengine. Kisha mfuniko hufunuliwa, na watoto hugombea ukoko.

Nilimwambia wifi kwamba Idi kubwa wanaume waje uani, wamenye, wachochee, waoshe. Hakufurahi. Alisema uani ndipo mahali pekee anapoweza kusema lolote bila kupima nani anasikia. Barazani hata wanawake huzungumza kwa kujibana. Wakija huko, aliuliza, sisi tutakwenda kuongelea wapi? Nilitaka kumjibu kwamba huo nao ni utulivu ulionunuliwa kwa bei kubwa mno. Lakini huu ni wake, na barazani hajawahi kupewa wowote. Kumwondolea mzigo na kumwondolea mahali pake vimeshikana, na mpaka sasa sijaona pa kuvitenganishia.