Kumsikiliza Asiyekuwapo Barazani

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulipopendekeza walimu na wazazi wakutane kujifunza juu ya mapambano ya Wapalestina, mwenzetu mmoja aliitumia methali hii kufunga mazungumzo. Hayo ni ya Waarabu na Wayahudi, alisema. Sisi yatuhusu nini? Swali lake lastahili jibu.

Kwanza, kitanda hicho nusura kitandikwe kwetu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa viongozi wa Kizayuni ardhi katika Afrika Mashariki. Mpango huo umeitwa kwa jina la Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, ulioko Kenya ya leo. Wayahudi walikuwa wakiuawa katika Urusi, na haja yao ya kimbilio ilikuwa ya kweli. Lakini wafugaji wa uwanda ule hawakuulizwa. Wazayuni wenyewe waliukataa mpango huo mwaka 1905.

Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitia sahihi barua ya kuahidi makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina. Waarabu, waliokuwa wengi wa wakazi wa nchi ile, barua iliwataja tu kuwa jamii zisizo za Kiyahudi. Yaani iliwaita kwa kile wasichokuwa. Mwaka 1948 zaidi ya 700,000 kati yao walifukuzwa au walikimbia.

Je, mwalimu asiwe na upande? Twaona kwamba kusikiliza pande zote ni wajibu, lakini kusikiliza si kukataa kuhukumu. Kuwalilia Wayahudi milioni sita waliouawa Ulaya, au watu wapatao 1,200 waliouawa Israeli Oktoba 2023, hakupunguzi haki ya makumi ya maelfu waliouawa Gaza tangu hapo. Huruma si shamba, hata ukimpa huyu umkatie yule. Hata hivyo huruma peke yake haitoshi. Baada ya machozi hubaki swali la haki: nani amepewa idhini ya kugawa nchi ya watu bila ya kuwauliza wenyewe?

Basi tuirudie methali yetu. Haikukataza kuuliza, imetuonyesha wa kuulizwa, naye ni yule aliyekilalia kitanda. Kwa hiyo baraza letu lianze kwa kuwasoma Wapalestina wenyewe, kama Ghassan Kanafani, mwandishi aliyeuawa Beirut mwaka 1972, kabla ya kuwasoma wanaowasimulia. Kisha tujadiliane, hata tukikosana. Mwenzetu aliyeuliza tunamwomba aje, wala asikiache nyumbani kipingamizi chake. Dhuluma ya mwaka 1903 haikuhitaji chuki. Ilitosha kwamba wenye nchi hawakuwapo barazani, wala hapakuwa na mtu wa kuwaulizia.