Hukumu ni ya Mungu

Mvua inapochelewa Bariadi, Maswa au Meatu, au inapozidi hata mto Simiyu ukafurika na kuharibu mashamba, swali moja la kale hurudi majumbani: ni kosa la nani? Habari ya Gharika katika kitabu cha Mwanzo yajibu swali hilo, na jibu lake silo wengi wanalodhani.

Wengi huisoma habari ile kama habari ya ghadhabu tu. Hukumu ilikuwa ya kweli, wala hatuipunguzi. Lakini Maandiko yaeleza kwanza ya kuwa Mungu aliona uchungu moyoni mwake. Tena tazameni ajabu hii. Kabla ya Gharika, sababu ya hukumu ni ubaya wa moyo wa binadamu. Baada ya Gharika, Nuhu akiisha kutoa sadaka yake, Mungu aahidi kutoilaani nchi tena, na sababu itajwayo ni ileile: moyo wa binadamu una ubaya tangu ujana wake. Maji hayakuubadili moyo. Ni Mungu aliyeamua kutuvumilia, hata atuponye kwa njia nyingine, ndiyo njia ya Msalaba. Ndipo akaweka upinde mawinguni. Katika Kiebrania, kama katika Kiswahili, upinde ni silaha. Na aliyeutundika upinde wake amekoma kupigana.

Je, twaweza kusema kwamba kila mafuriko au ukame ni adhabu ya mtu fulani? Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ziliinua maji ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Mwaka 2020 ziwa likapanda mno tena. Maji hayo hayakuchagua shamba la mwema wala la mwovu. Naye Bwana wetu, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Aliwataka wasikilizaji watubu wao wenyewe.

Hapo ndipo penye jeraha letu. Zamani Usukumani mtemi ndiye aliyedaiwa mvua, na mvua ikikatika aliweza kuondolewa kitini. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, lakini desturi ya kumtafuta wa kulaumiwa haikufutika. Kwa miaka mingi, mtoto akifa au ng'ombe wakipukutika, wanawake wazee wameitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu tu. Na nyuma ya shutuma pengine imejificha tamaa ya shamba lao. Macho hayo yana sababu iliyo wazi. Kuni ni haba, na mama aliyepika miaka 40 kwa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe hawezi kuwa na macho meupe. Moshi uliowalisha wana wake wageuzwa kuwa hati ya kifo chake.

Mtu atauliza: je, uovu usiadhibiwe? Uadhibiwe, kwa ushahidi, mbele ya hakimu. Lakini ramli si ushahidi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 yakataza kumshutumu mtu kuwa mchawi. Tena katika agano lilelile alilofanya na Nuhu, Mungu alionya kwamba atadai damu ya mtu mkononi mwa mwenzake, kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wake. Basi amwuaye bibi mzee ili kuondoa msiba huvunja agano lenyewe linalotuahidi kupanda na kuvuna.

Yatupasa, enyi baba, kutokwenda kwa mpiga ramli kuuliza jina la adui. Yatupasa, enyi vijana, kukataa fedha ya damu. Na uvumi ukianza kijijini juu ya mama fulani, Wakristo wawe wa kwanza kuketi mlangoni pake, kumpelekea kuni na kumtobolea jiko lake dirisha la kutolea moshi. Mungu aliyekuwa na haki ya kutuangamiza sote ametuhurumia. Sisi tusio na haki hiyo tutamhukumuje jirani?